Dawa inamezwa, programu haimezwi: uchambuzi wa mjadala mmoja kuhusu madhara ya akili unde

Hoja ilikuwa fupi na nzito. Katika mjadala mmoja wa mtandaoni, mleta mada aliandika kwamba kampuni zinazounda akili unde (AI) zinaiachia itumiwe na mamilioni ya watu kabla hazijaonyesha kuwa ni salama, na madhara yakitokea, mzigo wa kuyathibitisha anatupiwa yule aliyeumia. Akamalizia kwa mfano: "Ni sawa na kuingiza dawa sokoni kwanza, halafu tukae tusubiri wagonjwa watuambie kama inadhuru. Thalidomide ilitufundisha. Tahadhari kabla ya hatari."

Jibu la kwanza lilikuja upesi, maneno manne tu: "Dawa inamezwa. Programu haimezwi."

Likapendwa kuliko hoja yenyewe. Waliofuata wakapitia mlango huohuo. Mmoja akasema dawa ni kemikali, akili unde ni hesabu. Mwingine akasema dawa ikishaingia mwilini imeingia, ila programu unaizima ukitaka. Akaja wa kusema mgonjwa hana hiari lakini mtumiaji wa programu ana hiari yake kamili, na wa kuuliza kwa nini itajwe thalidomide badala ya penisilini iliyookoa watu chungu nzima. Mleta mada akawa anamjibu kila mmoja, mstari kwa mstari, na kadiri alivyojibu ndivyo mjadala ulivyozidi kuwa wa famasia. Hadi watu wanachoka, swali aliloleta lilikuwa limelala palepale alipoliweka: nani anapaswa kuthibitisha nini, na kabla ya nini?

Nimeuchagua mjadala huu kwa sababu umebeba karibu kila kitu kinachoharibu mazungumzo ya aina hii. Kuna vipingamizi visivyo na uzito. Kuna kimoja chenye uzito mkubwa ambacho hakuna aliyekishughulikia. Kuna kosa la mleta mada mwenyewe. Na kuna mchango mmoja uliopita bila kujibiwa, ambao hadi leo unaniuma. Majina ya wahusika hayana kazi hapa. Nitawataja kwa walichosema.

Mkasa ambao kila mtu aliutaja na hakuna aliyeusimulia

Pande zote mbili zilitaja thalidomide kama jina la mkosi tu. Lakini bila kuujua mkasa wenyewe huwezi kusema kama mfano umekaa au haukukaa.

Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi Oktoba 1957. Ilikuwa ya kutuliza na kuleta usingizi, ikapatikana bila cheti cha daktari, ikasambaa katika nchi nyingi ikisifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito, ambao waliitumia kupunguza kichefuchefu. Malalamiko ya mwanzo hayakuhusu watoto kabisa. Yalihusu watu wazima waliopata ganzi na maumivu ya mikono na miguu kwa kuharibika neva. Mwaka 1961 ndipo madaktari wawili, Widukind Lenz huko Ujerumani na William McBride huko Australia, kila mmoja kwa upande wake, walipoihusisha na watoto waliokuwa wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo ikaondolewa sokoni Ujerumani. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kupita 10,000, na wengi wao walikufa wakiwa wachanga.

Sehemu ya Marekani ndiyo ninayotaka isomwe polepole. Maombi ya kuiuza huko yaliwasilishwa Septemba 1960, yakaangukia mezani kwa Frances Kelsey, daktari aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi katika mamlaka ya chakula na dawa. Sheria ya 1938 iliyokuwa ikitumika ilimpendelea sana mtengenezaji: mamlaka isipoweka pingamizi ndani ya siku 60, ruhusa inapatikana yenyewe. Kelsey akawa anayarudisha maombi, akieleza kwamba ushahidi wa usalama haujakamilika, na kila alipoyarudisha siku zilianza kuhesabiwa upya. Aliulizia zile ripoti za neva. Akauliza pia kuhusu usalama wa dawa hiyo kwa mtoto aliye tumboni. Hakuwa amegundua kwamba inalemaza watoto. Habari hizo zilikuwa bado hazijatoka. Alichokuwa nacho ni maswali ambayo mtengenezaji hakuwa na majibu yake, na msimamo kwamba asiye na majibu asubiri.

Hata hivyo vidonge zaidi ya milioni 2 viligawiwa nchini humo kupitia madaktari zaidi ya 1,000, kwa jina la majaribio, na sheria haikumlazimisha daktari kumwambia mgonjwa kwamba anachopewa bado kinajaribiwa. Oktoba 1962 sheria ikabadilishwa. Mtengenezaji akatakiwa kuthibitisha kwanza, ruhusa ya kimya ikafutwa, na anayejaribiwa dawa akawa lazima aombwe ridhaa.

Sasa irudie hoja ya mleta mada. Mfano wake unabeba mahusiano kati ya watu, wala haubebi sifa za kidonge. Kuna mtengenezaji anayejua mengi kuhusu bidhaa yake kuliko anayeitumia. Kuna bidhaa inayosambaa kwa kasi kuliko habari za madhara yake. Kuna madhara yanayojitokeza baadaye, tena mahali ambapo wengi hawakuwa wanapatazama. Na kuna utaratibu ambao ukimya wa mamlaka unahesabiwa kuwa ruhusa. Katika yote haya hakuna panapodai kitu kimezwe.

Tofauti ipi ina uzito?

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Dedre Gentner alilieleza jambo hili kwa kutumia mlinganisho wa atomu na mfumo wa jua. Tukisema atomu imekaa kama mfumo wa jua, hatusemi kwamba kiini chake ni cha manjano wala kwamba kina joto la jua. Tunachohamisha ni uhusiano: kizito kiko katikati, vyepesi vinakizunguka. Rangi na joto huachwa nyuma, na msomaji huviacha bila kuambiwa. Aliyeandika kwamba programu haimezwi alifanya kazi ileile ya kumwambia mwalimu wa fizikia kwamba atomu haina rangi ya jua. Amesema kweli, na somo liko palepale.

Ndiyo maana kipimo ninachokitumia ni kimoja. Chukua tofauti iliyotajwa, ikubali yote bila kubisha, kisha uulize: dai limeanguka? Nikikubali kuhusu kumeza, dai kwamba mtengenezaji athibitishe kwanza linabaki limesimama. Kuhusu kemikali, vilevile. Kuhusu penisilini, vilevile, tena zaidi: dawa ya kuua bakteria nayo leo hupimwa kabla ya kuruhusiwa, kwa hiyo manufaa makubwa ya kitu hayakuwahi kuwa sababu ya kukiachia bila kipimo.

Kuzima na hiari ni habari nyingine. Vipingamizi hivi viwili vinalenga mahali panapohusika, na naviheshimu kwa hilo. Kama mtumiaji kweli anaweza kujitoa wakati wowote bila hasara, haja ya kumlinda mapema inapungua, na mfano wa dawa unalegea. Hapa suala linakuwa la ukweli: je, anaweza?

Katikati ya mabishano mchangiaji mmoja aliandika kuhusu Uholanzi. Kuanzia 2013 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitumia mfumo wa kujifunza wenyewe kukadiria ni maombi yapi ya posho ya malezi ya watoto yana hatari ya udanganyifu. Utaifa wa mwombaji ulikuwa miongoni mwa vigezo. Asiye na uraia wa Uholanzi alipandishiwa alama. Ofisa aliyeletewa jina la mwombaji hakuelezwa kwa nini mfumo umemwona hatari. Familia kwa maelfu zikadaiwa zirudishe posho, nyingine makumi ya maelfu ya euro, kwa sababu ya kasoro ndogo za fomu au bila kosa lolote. Kashfa ile ilikuwa kubwa kuliko mfumo huo peke yake, maana sheria yenyewe ilikuwa kali na maofisa hawakusikiliza, lakini mfumo ndio uliosaidia kuchagua nani aandamwe. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu.

Mchangiaji alieleza hayo kwa ufupi, akafunga kwa swali: "Mzazi yule angebonyeza wapi kuizima?"

Hakujibiwa na mtu hata mmoja. Ujumbe wa juu yake ulikuwa unaeleza namna kidonge kinavyoyeyuka tumboni. Ujumbe wa chini yake ulikuwa unamsahihisha wa juu kwamba vidonge vingine huyeyuka kwenye utumbo. Mchango wenye uzito kuliko yote ukapita katikati ya hiyo miwili kama haukuandikwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Uholanzi haikuwa mfano wa kulinganisha. Lilikuwa tukio la kitu chenyewe kinachojadiliwa: mfumo ulioachiwa kazini, watu wasio na hiari, madhara, na mzigo wa kujitetea ukiwa juu ya walioumizwa. Mtu akitaka lingine, lipo. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mwanamume nyumbani kwake mbele ya familia yake, wakamshikilia karibu saa 30, baada ya programu ya kutambua nyuso kuihusisha picha yake na picha hafifu ya mwizi iliyonaswa na kamera. Hakuwa yeye. Yeye pia hakuwa mtumiaji wa programu hiyo; hakuipakua wala hakuikubalia masharti. Na ilikuwa hesabu tu, kama alivyosema yule wa kemikali.

Kwa nini basi watu waliushikia bango mfano na kuliacha tukio? Naamini ni kwa sababu mfano una kasoro daima. Vitu viwili vyovyote vinatofautiana, kwa hiyo anayetafuta tofauti ataipata, ataitaja, atakuwa amesema kweli, na atajisikia ameshinda. Tukio halitoi nafasi hiyo. Kulijibu tukio lazima usome, ukubali au ukanushe, kisha useme nini kifanyike. Siwaoni waliofanya hivyo kuwa watu wabaya. Wengi wamechoshwa na mifano ya kutisha inayotupwa mtandaoni bila ushahidi, na wamejizoeza kuitilia shaka. Shaka hiyo ni nzuri. Ila shaka inayoishia kwenye tumbo na utumbo haijamlinda mtu yeyote.

Ipo namna nyingine ya kuupinga mfano, na imeshafanyika hadharani. Mwaka 2015 Andrew Ng, mmoja wa wataalamu wanaosikilizwa sana katika fani hii, alisema kuhofia roboti wauaji ni kama kuhofia sayari ya Mars kujaa watu ilhali bado hatujafika. Mtu wa kuchokonoa angejibu kwamba roboti si sayari. Stuart Russell, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alishika palepale mfano ulipoegemea. Mfano wa Ng unabeba dai la umbali: jambo liko mbali, tusihangaike. Russell akajibu kwamba ulinganisho unaofaa zaidi ni wa watu wanaopanga kuhamishia binadamu Mars bila kufikiria kule watavuta hewa gani, watakunywa nini na kula nini. Safari inaandaliwa kwa fedha nyingi na vichwa bora. Swali la kufika limekwisha kuwa la leo. Unaweza kukubaliana naye au la, lakini baada ya jibu hilo wote wawili bado wanazungumzia kitu kimoja, na msomaji ameelewa wanapotofautiana. Huko ndiko kuupinga mfano ninakokuheshimu.

Mfano uliojificha

Aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya mfano wa dawa alifikia mahali akaandika: "Hiki ni chombo tu. Kisu kinakata kitunguu, kinaua mtu. Utamlaumu mhunzi?"

Watu wakampongeza kwa kuongea wazi. Hakuna aliyesema kwamba kisu hakina umeme. Mfano wake ulipita bila kukaguliwa kwa sababu haukuonekana kama mfano. Ulionekana kama akili ya kawaida. Na hivi ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Anayekataa ulinganisho mmoja anakuwa amesimama juu ya mwingine ambao hajautaja: kikokotoo, nyundo, kisu, mashine ya kuchapa. Kitu ni kipya, hakuna aliyewahi kukiishi, na binadamu hana njia ya kukifikiria kipya ila kwa kukisogeza karibu na kinachojulikana. Kumkataza mwenzako mifano huku wewe unatumia wako kimyakimya ni kumnyima haki ambayo wewe unaifaidi.

Basi kisu nacho nikipime kwa kipimo kilekile. Dai lake ni kwamba kosa lote ni la mtumiaji. Dai hilo linategemea jambo moja: kisu hakifanyi ila kile mkono unachokielekeza. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, taasisi inayounda akili unde, walifunza mfumo kucheza mchezo wa mbio za mashua. Walitaka ishinde mbio; walichoupa mfumo kama lengo ni alama, na alama zilipatikana kwa kugonga shabaha njiani. Mfumo ukagundua kijighuba ambamo shabaha tatu hujirudia, ukaizungusha mashua humo bila kumaliza mbio, ikigonga mashua nyingine, ikishika moto, na ukapata alama kwa wastani wa asilimia 20 zaidi ya wachezaji binadamu. Hakuna mtumiaji aliyeagiza hivyo. Waliouunda hawakutaka hivyo. Ni mchezo tu na hakuna aliyeumia, lakini tofauti hii inagonga kile hasa ambacho mfano wa kisu unakibeba: kati ya nia ya mtu na tendo la mfumo pana pengo, na pengo hilo liko mikononi mwa aliyeuunda. Hapa kutaja tofauti kuna haki, kwa sababu dai linayumba.

Kosa la mleta mada

Alipobanwa kuhusu dawa, mleta mada alihama. Akaandika kwamba kama dawa hamuitaki, basi chukueni bomu la nyuklia. Akataja tamko la Mei 30, 2023, lililotiwa saini na watafiti na wakuu wa kampuni za fani hii, akina Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio, Demis Hassabis na Sam Altman, ambalo kwa sentensi moja liliiweka hatari ya akili unde kufuta binadamu katika daraja moja la kipaumbele na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia.

Tamko hilo ni la kweli na lina uzito wake, ila halisemi alichotaka liseme. Lilizungumzia kipaumbele. Halikusema akili unde inafanya kazi kama bomu, wala halikuhusu mzazi wa Uholanzi au nani abebe mzigo wa uthibitisho. Hoja yake ya mwanzo ilikuwa kuhusu madhara ya leo. Kwa kuruka kwenye maangamizi ya binadamu akawapa wapinzani uwanja mpya, tena wenye nyasi laini zaidi. Mara moja wakaanza: urani huchimbwa, programu haichimbwi, bomu hulipuka, modeli ya akili unde hailipuki. Mmoja alisema jambo la maana, kwamba malighafi za nyuklia zinahesabika na kukaguliwa, kazi ambayo shirika la kimataifa la nishati ya atomiki limekuwa nayo tangu lilipoanzishwa 1957, ilhali programu hunakiliwa kimya na haiachi mizani ya kuipima. Hiyo ni tofauti yenye uzito kwa yeyote anayependekeza ukaguzi wa aina hiyo. Lakini mleta mada hakuwa amependekeza ukaguzi wa aina hiyo. Alikuwa tayari yuko mbali na nyumbani.

Ningekuwa karibu naye ningemshauri afanye jambo jepesi mapema kabisa, baada ya lile jibu la maneno manne: aseme mfano wangu unahusu mzigo wa uthibitisho na si zaidi, kisha aliandike dai bila dawa. Anayeunda mfumo unaoamua mambo ya watu aonyeshe kwanza alivyoupima na alichokuta. Ukidhuru, yeye ndiye aeleze ilivyokuwa, asiachiwe aliyedhurika kubuni ushahidi kutoka ndani ya kitu asichoruhusiwa kukifungua. Sentensi mbili. Hazina kidonge cha kubishania. Anayezikataa analazimika kusema anazikataa kwa sababu gani.

Pingamizi lililostahili jibu

Karibu na mwisho alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa mfamasia. Hakuandika kwa kejeli. Alisema tofauti inayomsumbua ni hii: dawa hupimwa kwa dozi fulani, ugonjwa fulani, kundi fulani la wagonjwa, na miili ya watu inafanana vya kutosha ili matokeo ya wachache yaseme kitu kuhusu wengi. Modeli ya lugha, yaani akili unde inayojibu kwa maandishi, ni ileile, lakini mmoja anaitumia kuandika barua, mwingine kuuliza kuhusu maumivu ya kifua, mwingine kuandika programu, mwingine kufarijiwa usiku. Majaribio gani yatatangulia yote hayo? Kisha akaongeza: "Dawa ikibadilishwa kiambato, mamlaka inaambiwa. Modeli ikibadilishwa, mimi naambiwa na nani?"

Lipime pingamizi hili kwa kipimo kilekile. Linaangusha dai kwamba mtengenezaji ndiye mwenye mzigo? Haliligusi. Kama kuna lolote, linaliongezea nguvu, kwa sababu kitu kinachotumika kwa njia zisizohesabika na kinachobadilika bila taarifa kina hatari zaidi ya kumkuta mtu asiyejiandaa. Linachoangusha ni tiba iliyodokezwa na mfano: kwamba tukipima kabla, kama dawa, tutakuwa tumemaliza. Hatutakuwa tumemaliza. Tofauti moja inaweza kuuacha mfano ukiwa mzima katika kulalamika na ukiwa mbovu katika kutibu, na mjadala wenye afya ungeanzia hapo.

Tena ungeanzia kwenye famasia yenyewe. Baada ya thalidomide walimwengu hawakuridhika na vipimo vya kabla peke yake. Uingereza ilianzisha mwaka 1964 utaratibu wa kadi ya njano, ambapo daktari anayeona dhara analoshuku limetokana na dawa huliripoti hata kabla ya kuwa na uhakika. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa kukusanya ripoti za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, na kuanzia 1978 kituo chake cha Uppsala, Uswidi, kimekuwa kikiuendesha. Msingi wake ni unyenyekevu: majaribio ya watu elfu kadhaa hayawezi kuonyesha dhara linalompata mmoja katika laki. Yaani hata wenye dawa walikiri kwamba kipimo cha kabla kina mwisho, wakajenga masikio ya baada. Mfano wa mleta mada ulikuwa na jibu la mfamasia ndani yake. Hakuna aliyeuchimba hadi huko.

Mfamasia hakupata jibu. Mleta mada alikuwa bado anabishana kuhusu urani.

Kwangu sehemu ya kuanzia kumjibu ipo tayari katika sheria. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, ingawa masharti yake yanaanza kutumika kwa awamu, inawataka watoaji wa mifumo ya daraja la hatari kubwa, ikiwemo inayoamua nani apewe huduma za msingi za umma, kuifuatilia mifumo yao baada ya kuitoa, na kuripoti tukio zito kwa mamlaka, kwa kawaida si zaidi ya siku 15 tangu walijue. Mfumo wa aina hiyo ukibadilishwa kwa kiasi kikubwa, unatakiwa kutathminiwa upya. Hilo linagusa swali lake moja kwa moja, lakini linaligusa nusu. Modeli ya maongezi ambayo mtu anaiuliza kuhusu maumivu ya kifua inaweza isihesabiwe katika daraja hilo, kwa sababu haikutolewa kwa kazi hiyo hata kama ndiyo kazi anayoitumia. Naona daraja linapaswa kufuata matumizi yanayojulikana kutokea, na mtoaji anayejua kwamba watu wanailetea mifumo yake maumivu yao asikubaliwe kusema kwamba yeye aliiuza kwa ajili ya barua. Hapo ndipo ningependa kubishana na yule wa kumeza, na naamini angekuwa na la maana la kusema.